Kamioni mpya, bwate imekufa: mwenye kamioni wa Mutshatsha afanye nini ili garanti iheshimiwe

MUTSHATSHA, Lualaba – Kamioni mpya ikivunjika bwate ya vitesi katika njia ya Mutshatsha, mwenye mali anakuwa na saa chache tu za kuamua mambo yatakayomfuata kwa miezi mingi. Amwite fundi wa kijijini aifungue? Aivute hadi Kolwezi? Ampigie muuzaji simu na kungoja? Kosa moja katika saa hizo linatosha kumpa muuzaji sababu ya kusema kwamba garanti imekufa.

Mji wa Mutshatsha uko magharibi ya Kolwezi, umbali wa zaidi ya kilomita 100, kwenye barabara ya kitaifa namba 39 na kwenye reli inayoelekea Kasaji, Dilolo na mpaka wa Angola. Reli hiyo ndiyo inayotajwa leo kwa jina la Korido ya Lobito. Lakini gunia la mahindi, la mihogo au la makala linalotoka vijijini halingojei treni. Linapanda kamioni. Na kamioni hiyo mara nyingi si ya kampuni kubwa ya migodi. Ni ya mfanyabiashara mmoja, au ya ndugu wawili watatu waliochanga, na sehemu ya bei bado ni deni.

Kampuni za shaba zina garaji zao, mafundi wao na mikataba mizito na wauzaji. Kamioni moja ya kampuni ikilala, nyingine inachukua mzigo. Mwenye kamioni moja akilala, kila kitu kinalala naye: shofa, msaidizi wake, mama anayengoja magunia sokoni Kolwezi, na aliyekopesha pesa. Silaha yake pekee ni kitabu cha garanti, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza au Kichina, na ambacho wengi hawakifungui mpaka siku ya msiba.

Garanti mbili, si moja

Watu wengi wanaijua garanti moja tu, ile ya kiwanda. Hiyo ni ahadi iliyoandikwa: kwa miezi fulani au kilomita fulani, kile kinachotangulia kufika, kiwanda kitatengeneza au kubadili kifaa kilichoharibika kwa kosa la utengenezaji. Bwate ya vitesi, ile Watanzania wanayoiita giaboksi, kwa kawaida imo ndani ya ahadi hiyo. Vitu vinavyoliwa na kazi, kama diski ya ambreyaji na bitambaa vya breki, kwa kawaida havimo.

Ahadi hiyo ina masharti. Mafuta ya bwate yabadilishwe kwa wakati, yawe ya aina iliyoandikwa, na kazi ifanywe katika garaji inayokubaliwa na kiwanda. Kuna sharti jingine linaloshangaza watu: namba ya shasi iwe ya soko la nchi husika. Mtu anayenunua kamioni mpya Dubai au Dar es Salaam kwa sababu bei ni nafuu, kisha anaipeleka kwa muuzaji wa chapa ileile Kolwezi au Lubumbashi, anaweza kuambiwa kwamba namba yake haimo katika orodha ya hapa. Afadhali swali hilo liulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Garanti ya pili ni ile ya sheria. Hiyo haimtegemei kiwanda wala ukarimu wa muuzaji. Inamfunga yule aliyepokea pesa na kutoa fakture, hata kama kitabu cha kiwanda hakisemi kitu.

Saa za kwanza njiani

Hatari ya kwanza ni kamba ya kuvutia. Katika bwate nyingi za vitesi za mkono, mafuta hurushwa juu na meno ya shafti za pembeni, na shafti hizo zinazungushwa na injini. Injini ikizimwa na kamioni ikavutwa, magurudumu yanaizungusha shafti kuu kupitia kardani, lakini zile za pembeni zimesimama. Mafuta yanabaki chini. Beringi za juu zinazunguka zikiwa kavu, na kilomita 100 za namna hiyo zinatosha kuziunguza. Bwate iliyokuwa na kosa dogo inafika Kolwezi ikiwa imeungua, na fundi wa muuzaji anapoifungua anaona rangi ya buluu na nyeusi kwenye chuma. Ataandika neno moja: ukosefu wa mafuta. Hapo garanti inaishia.

Dawa yake inajulikana na kila fundi mzuri. Kabla ya kuvuta, kardani inafunguliwa, au shafti za magurudumu ya nyuma zinatolewa. Kazi hiyo ipigwe picha, na picha ionyeshe tarehe, mahali na kilomita kwenye tablo. Bila picha, muuzaji anaweza kusema kwamba kamioni ilivutwa kardani ikiwa imefungwa, na hakuna wa kumpinga.

Tabia nyingine inayoua bwate kwa njia ileile ni kuteremka mlima bila vitesi ili kuokoa mazuti. Shafti kuu inakimbia kwa nguvu ya magurudumu, huku zile za pembeni zikizunguka polepole na kurusha mafuta machache. Shofa anadhani ameokoa lita mbili, kumbe amekula beringi za patro wake. Mwenye kamioni anayetaka kudai garanti awe na uhakika kwamba tabia hiyo haipo kwake.

Hatari ya pili ni fundi wa karibu. Mutshatsha, kama kila mji wa njia kuu, ina mafundi wenye mikono hodari wanaoweza kuishusha bwate chini ya mwembe na kuipandisha tena. Kwa kamioni iliyotoka nje ya garanti, fundi huyo ni mwokozi. Kwa kamioni iliyo ndani ya garanti, boliti ya kwanza atakayoifungua inaweza kuwa mwisho wa madai. Anachoweza kufanya bila hatari ni kutazama: mafuta yanavuja wapi, kiasi chake ni kipi, hewa ya matangi inafika kwenye bwate au haifiki. Bwate nyingi za kamioni kubwa hubadili vitesi za juu na za chini kwa nguvu ya hewa. Mara nyingine vitesi zikikataa kuingia, kosa ni mpira uliotoboka, si meno ya ndani.

Kama muuzaji hawezi kutuma fundi, na kamioni iko mahali ambapo haiwezi kulala, basi ruhusa ya kuifungua iombwe kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp wenye jibu la muuzaji ni maandishi. Simu iliyopigwa na kusahaulika si kitu.

Kwenye mlango wa garaji

Anayeipokea kamioni Kolwezi au Lubumbashi mara nyingi si yeye mwenye kuamua. Kwa kawaida, muuzaji rasmi hutengeneza kwanza, kisha huomba kiwanda kimrudishie gharama za vifaa na saa za kazi. Kiwanda kinataka picha, namba, maelezo, na mara nyingi kifaa kibovu chenyewe. Kikikataa, muuzaji ndiye anayekula hasara. Ndiyo maana yeye naye anatafuta sababu ya kukataa kabla hajakataliwa, na ndiyo maana jibu linachelewa. Mwenye kamioni anayejua jambo hilo anampelekea muuzaji faili ambayo muuzaji anaweza kuituma kiwandani bila aibu.

Faili hiyo ina fakture ya ununuzi, kitabu cha garanti, karatasi za kila badiliko la mafuta, picha za njiani, na borodero za mizigo ya miezi ya mwisho. Mahali palipo na mizani, karatasi ya mizani ni dhahabu, kwa sababu swali la kwanza la muuzaji litakuwa uzito. Hapa ukweli lazima usemwe: kuna bwate zinazokufa kwa sababu ya mzigo uliozidi, na hakuna garanti inayolipa hilo. Aliyepakia kupita kiasi atasomwa ndani ya chuma.

Karatasi muhimu kuliko zote ni ile ya mapokezi, inayojazwa siku kamioni inapoingia garaji. Wengi wanaandika “bwate mbaya” na kusaini. Maneno hayo hayamsaidii mtu. Kinachosaidia ni dalili: vitesi ya tano inaruka yenyewe mteremkoni, kamioni ikiwa na mzigo, baada ya saa mbili za mwendo, wakati bwate imepata moto, mlio unasikika katika vitesi moja tu, mafuta yanavuja mbele, upande wa ambreyaji. Dalili ikiandikwa hivyo, garaji haiwezi kuzunguka soko mara moja na kamioni tupu na kurudi kusema haikuona kitu. Mwenye kamioni abaki na nakala yenye muhuri.

Ombi la pili ni kuwapo siku ya kufungua bwate, yeye mwenyewe au fundi anayemwamini. Mafuta yakimwagwa kupitia kitambaa, kitambaa kinaeleza mengi. Mafuta meupe kama maziwa yana maana kwamba maji yameingia, jambo linaloweza kutokea kamioni inapovuka maji marefu wakati wa mvua. Vumbi laini la chuma ni la kawaida kwa kiasi kidogo, lakini vipande vya meno si vya kawaida. Jino lililokatika ghafla linaelekea kwenye pigo la nguvu. Beringi moja iliyochakaa peke yake, wakati nyingine zote ni nzima na mafuta ni safi, inaelekea kwenye kosa la kifaa au la ufungaji. Kwa bwate za kisasa zinazobadili vitesi zenyewe, kompyuta ya kamioni huhifadhi alama za makosa, na orodha hiyo ichapishwe kabla haijafutwa.

“Ni shofa wako”

Jibu linaloumiza zaidi ni lile linalomtupia shofa lawama. Linaumiza kwa sababu ni vigumu kulipinga, na kwa sababu linafika mpaka nyumbani: patro anamfukuza shofa, shofa anapoteza jina, na kamioni inarudi njiani ikiwa na ugonjwa uleule mikononi mwa mtu mwingine.

Jibu hilo limewahi kutolewa mahali pengine na likagharimu sana. Nchini Australia, wateja walionunua magari ya Ford aina ya Fiesta, Focus na EcoSport yenye bwate iliyoitwa PowerShift walilalamika kwamba magari yanatetemeka na kupoteza nguvu. Wengi wao waliambiwa kwamba sababu ni namna yao ya kuendesha. Tume ya nchi hiyo inayosimamia ushindani na haki za wanunuzi iliipeleka Ford ya Australia mahakamani. Mwezi Aprili 2018, Mahakama ya Shirikisho iliamuru kampuni hiyo ilipe dola za Australia milioni 10 kwa namna ilivyowatendea waliolalamika kati ya Mei 2015 na Februari 2016.

Yale yalikuwa magari madogo, katika nchi yenye tume kali. Mtu wa Mutshatsha hana tume kama hiyo mlangoni pake. Lakini namna ya kujibu ni ileile. Muuzaji akisema kwamba shofa ndiye aliyeharibu, aulizwe: kifaa gani kilivunjika, kimevunjika kwa namna gani, na alama gani kwenye chuma inaonyesha kosa la shofa? Jibu liandikwe na lisainiwe. Shofa anayetumia ambreyaji vibaya huacha diski iliyoungua. Anayelazimisha vitesi huacha alama kwenye meno na kwenye sinkro. Diski ikiwa nzima na meno yakiwa safi, lawama hiyo haina mguu wa kusimamia.

Kutengeneza na kuficha

Kukubaliwa garanti si mwisho. Shida nyingine ni kamioni inayorudishwa baada ya siku tatu ikiwa imebadilishwa joinji na mafuta tu, kisha inarudi garaji baada ya wiki mbili, na tena, mpaka miezi ya garanti iishe.

Matengenezo ya kweli yanatafuta chanzo. Beringi ikipasuka, vipande vyake vinasafiri na mafuta bwate nzima. Kubadili ile moja na kuacha nyingine bila kuzisafisha na kuzikagua ni kupanda mbegu ya uharibifu mwingine. Bwate inafunguliwa, inaoshwa, beringi zote zinatazamwa, chujio na mabomba ya kupoza mafuta, pale yalipo, yanasafishwa. Kama shafti ya mbele imeharibika, fundi anatazama pia beringi ndogo iliyomo kwenye volani ya injini na jinsi bwate inavyokaa sawa na injini, kwa sababu bwate mpya iliyofungwa kombo itakufa kama ile ya kwanza.

Kisha inakuja majaribio. Barabara ya lami ya Kolwezi na kamioni tupu si jaribio la kamioni inayokwenda kubeba magunia katika njia ya udongo. Dalili iliyoandikwa kwenye karatasi ya mapokezi ndiyo inayotoa kipimo: kama vitesi ilikuwa inaruka mteremkoni baada ya saa mbili ikiwa na mzigo, basi ijaribiwe na mzigo, mteremkoni, kwa saa mbili. Jaribio hilo lina gharama, na muuzaji atanung'unika, lakini linagharimu kidogo kuliko safari nyingine ya kuvuta kamioni kutoka Mutshatsha.

Mwenye kamioni adai pia ripoti inayotaja vifaa vilivyobadilishwa na chanzo kilichopatikana. Aombe kwa maandishi kwamba siku kamioni ilizolala garaji ziongezwe kwenye muda wa garanti. Muuzaji anaweza kukubali au kukataa, lakini asiyeomba hapewi.

Sheria inasema nini

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja za biashara, na sheria hizo zinatumika nchini tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya OHADA juu ya biashara kwa jumla, iliyopitishwa Lomé mwezi Desemba 2010, ina sehemu nzima juu ya mauzo kati ya wafanyabiashara. Mtu aliyeandikishwa kwenye rejista ya biashara, RCCM, na aliyenunua kamioni kwa kazi yake, anaweza kuitegemea.

Sheria hiyo inatoa muda. Kosa linaloonekana siku ya kupokea mali linapaswa kutangazwa kwa muuzaji ndani ya mwezi mmoja. Kwa kosa lililofichika, mnunuzi ana mwaka mmoja tangu siku alipoligundua au alipopaswa kuligundua, na muda huo haupunguzi garanti ya kiwanda kama ni ndefu zaidi. Inasema pia kwamba mali lazima ifae kwa kazi ya kawaida ya mali ya aina hiyo, na kwa kazi maalumu ambayo muuzaji alijulishwa.

Maneno hayo ya mwisho yana faida kubwa kwa watu wa Mutshatsha. Mnunuzi akiandika kwenye proforma kwamba kamioni itafanya kazi katika njia ya udongo kati ya Kolwezi, Mutshatsha na Dilolo, pamoja na uzito atakaobeba, muuzaji hawezi kusema baadaye kwamba alidhani ni kamioni ya lami. Mstari mmoja kwenye karatasi unamfunga.

Asiyekuwa mfanyabiashara naye hakuachwa. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ndiyo msingi wa sheria ya mikataba nchini, inamfanya muuzaji awajibike kwa makosa yaliyofichika ya mali aliyouza, hata kama hakuyajua. Mnunuzi anaweza kurudisha mali na kurudishiwa bei, au kubaki nayo na kupunguziwa bei. Lakini sheria inamtaka aende haraka, bila kukaa na malalamiko nyumbani.

Njia ina hatua zake. Kwanza ni barua yenye muhuri wa kupokelewa, inayotaja dalili, tarehe na kitu kinachodaiwa. Pili ni barua ya onyo yenye siku za mwisho, ile inayoitwa kwa Kifaransa mise en demeure, ambayo wakili au huissier anaweza kuipeleka. Tatu ni kuomba mahakama iteue mtaalamu huru wa kutazama bwate kabla haijatupwa au kuyeyushwa. Mwisho ni mahakama ya biashara, aina ya mahakama iliyoanzishwa na sheria ya mwezi Julai 2001.

Kesi inakula muda na makuta, na kamioni iliyolala haileti chakula. Kwa hiyo faida kubwa ya sheria kwa mwenye kamioni moja ni uzito inaoupa barua yake. Muuzaji anayesoma barua yenye tarehe, picha, borodero na jina la sheria anajua kwamba mtu huyu hataondoka kwa kuambiwa “rudi wiki ijayo”.

Siku ya kuichukua kamioni, karatasi moja bado inangoja saini, ile inayosema kwamba kazi imekamilika na mteja ameridhika. Kama jaribio la mzigo halijafanywa, juu ya saini yaandikwe maneno haya: “nimepokea kamioni bila kukubali kwamba kosa limeisha, kwa kuwa haijajaribiwa na mzigo.” Kisha nakala ichukuliwe kabla ya ufunguo.